Mizani ya Mdomo na Kidole: Nyimbo za Gitaa Kavu Zikisikilizwa Kutoka Mchinga

Watu wanapotaja nyimbo za pwani aghalabu hutaja Lamu, Mombasa na Unguja. Kusini ya Rufiji hutajwa kwa habari nyingine: Kilwa kwa magofu yake na sarafu za masultani wake, Lindi kwa mkonge na kwa vita vya Maji Maji. Ama Mchinga, iliyo katika ghuba yake kaskazini ya mji wa Lindi, haitajwi mbali ila kwa sababu ya neno moja. Wamachinga ni wenyeji wa sehemu hizo, na husemwa kwamba vijana wa huko waliokwenda Dar es Salaam kutembeza bidhaa mikononi ndio waliowapa jina wachuuzi wote wa barabarani, hata leo mchuuzi wa Arusha asiyepata kuiona bahari huitwa mmachinga. Jambo hili si geni katika habari za muziki. Kwa muda wa miaka mingi mikono ya wachuuzi hao ndiyo iliyochukua kaseti, na baada ya kaseti sahani za CD, kutoka Kariakoo mpaka vituo vya mabasi na minada ya vijijini. Mtu atakaye kujua ni albamu zipi zilizowafikia wasikilizaji na zipi hazikuwafikia hana budi aanze na mkono wa mchuuzi kabla ya kuuliza maktaba.

Katika mkono huo ilikuwamo taarabu, yalikuwamo madansi ya Dar es Salaam na rumba ya Kongo, zilikuwamo kwaya na kaswida. Kisha ikaja Bongo fleva, na baada yake singeli. Kitu kimoja kilikuwa adimu, nacho ni albamu ya mtu mmoja aliyetunga maneno yake mwenyewe, akayaimba mwenyewe, na kujipigia gitaa lisilo na umeme. Gitaa hilo huitwa gitaa kavu. Wazee wengine huliita galatoni, na jina hili lina kisa kinachofaa kukumbukwa, kwa kuwa Gallotone ilikuwa alama ya kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, iliyouza magitaa ya bei nafuu na pia kutoa sahani za santuri. (Gitaa la kwanza la John Lennon wa Liverpool lilikuwa na alama hiyohiyo.) Basi chombo na sauti yake viliweza kutoka mlango mmoja wa biashara, na maneno ya mwimbaji ndiyo peke yake yasiyotengenezwa kiwandani.

Uadimu huo haukutokana na ugeni wa mtindo wenyewe. Mtu mmoja kukaa na chombo chake na kuimba mambo aliyoyaona si jambo lililoletwa Lindi na santuri. Mwaka 1906 Karl Weule wa jumba la makumbusho la Leipzig aliteremka Lindi akiwa na fonografu na mitungi ya nta ya kunasia sauti. Na katika kitabu alichokitoa mwaka 1908 ameweka habari na picha ya mwimbaji kipofu wa Masasi aitwaye Sulila. Kadhalika kusini hii yote inaijua marimba ya mkono, vile vyuma vyembamba juu ya kibao vipigwavyo kwa vidole gumba, ambayo mpigaji huitumia kuwa msemaji wake wa pili awapo njiani au awapo peke yake. Sikio lililolelewa hivyo halihitaji kufundishwa kwamba mtu mmoja aweza kuwa ngoma nzima.

Katika mitungi ile ya Weule zilikuwamo pia nyimbo za wapagazi wa Kinyamwezi waliomchukulia mizigo, na mwaka 1909 Erich von Hornbostel wa Berlin aliziandikia makala ya uchambuzi. Hapa njia inageuka kuelekea magharibi, na ni vyema kuifuata, kwa sababu ndiyo inayomleta mwimbaji aliye mkubwa kuliko wote katika habari hii. Katikati ya karne ya 19 Msiri, mtu wa Usumbwa katika nchi za Unyamwezi, alikwenda Katanga kwa biashara, akajifanyia ufalme Bunkeya na kuutawala mpaka alipouawa mwaka 1891. Wafuasi wake ndio Bayeke. Katika mji huohuo wa Bunkeya, mwaka 1930, alizaliwa Mwenda Jean Bosco. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka na mitambo yake kunasa nyimbo za Afrika, alimkuta Jadotville, yaani Likasi ya leo, akarekodi gitaa na sauti yake. Na sahani zake zikatolewa kwa alama ya Gallotone. Aliimba kwa Kiswahili zaidi kuliko kwa lugha nyingine yoyote. Kwa hiyo msikilizaji wa pwani ya Lindi amsikiaye Mwenda kwa mara ya kwanza anasikia lugha ambayo misafara ya watu kama wale wapagazi iliichukua bara, sasa ikirudi na gitaa.

Kipande kilichomtangaza Mwenda duniani ni “Masanga”, na sifa zake zimeandikwa sana na watu wa Ulaya. David Rycroft alikiandikia makala mbili ndefu katika jarida la African Music, mwaka 1961 na mwaka 1962, akayahesabu mapigo ya kila kidole. Kazi ile ni ya heshima, lakini ndiyo iliyoonyesha njia ambayo wengi wameifuata kupita kiasi: kumsikiliza Mwenda kama kwamba ni mikono tu. Wapiga gitaa wa nchi za nje hujifunza mwendo wake mpaka wakaupata sawasawa, wasijue mtu huyu alikuwa akisema nini. Upande wa pili wako wasomi wa ushairi wa Kiswahili, ambao kosa lao ni kinyume cha hilo. Hao huyachukua maneno, huyaandika kwenye karatasi, huyatafutia vina na mizani, na wasipoviona huyaweka kando kuwa ni maneno ya ulevini yasiyofaa kuingizwa katika habari za ushairi. Makundi haya mawili yameugawa wimbo kama watu waliogawana nazi, mmoja akachukua kifuu na mwingine maji, wala hakuna aliyekula nazi.

Mpigaji wa namna ya Katanga hutumia vidole viwili vya mkono wa kuume, kidole gumba na kidole cha shahada. Kidole gumba hushika nyuzi nene na kwenda mwendo wake bila kusita. Kidole cha shahada hucheza katika nyuzi nyembamba, mara kikaenda pamoja na gumba, mara kikapenya kati ya pigo na pigo. Kwa sababu hiyo msikilizaji hudhani kuna magitaa mawili. Juu yake huja sauti, nayo kwa Mwenda ni nyepesi, karibu na sauti ya mtu anayezungumza; hailazimishi wala haipandi juu kutafuta kushangiliwa. Mstari wake aghalabu ni mfupi. Husemwa, kisha hukoma kabla mzunguko wa gitaa haujakwisha, na ile nafasi iliyobaki hujazwa na kidole.

Hapo ndipo penye siri yote. Mstari unaoonekana karatasini kuwa umepungua haukupungua. Mizani yake imegawanywa: sehemu imetiwa mdomoni na sehemu imetiwa kidoleni, na jumla yake ni kamili kila mara, kwa kuwa mzunguko wa gitaa haurefuki wala haufupiki kwa ajili ya neno. Mshairi wa tarbia akipungukiwa na silabi moja atatafuta neno jingine. Mwenda akipungukiwa humwachia gumba. Na si kwamba alifanya hivyo kwa kushindwa. Mara nyingi neno zito ndilo lifuatwalo na nafasi ndefu, na gitaa katika nafasi hiyo hulirudia lile neno kwa sauti bila kulitamka, kama mzee anayetikisa kichwa baada ya kusema jambo. Kuyaandika maneno peke yake ni kuandika nusu ya ubeti. Na kuyahesabu mapigo peke yake ni kuihesabu nusu ya pili.

Jambo la pili linalowakwaza wasomi ni mpango wa habari. Mashairi ya pwani yamezoea kushika shauri moja na kulipeleka mpaka mwisho, na utenzi hushika kisa. Nyimbo za Katanga mara nyingi hazifanyi hivyo. Mwimbaji hutaja safari, hugusa habari ya mwanamke, huonya vijana juu ya pesa, husalimu rafiki kwa jina, kisha hurudia safari yake. Anayetaka kisa atasema kwamba maneno yametupwa ovyo. Lakini mtu aliyekaa kwenye ngoma za kusini anaijua namna hii vizuri: manju wa ngoma hurusha neno moja kuhusu njaa, jingine kuhusu mtu aliyeoa juzi, jingine kuhusu bwana shamba, na kinachoyashikamanisha ni ngoma yenyewe. Kwa Mwenda kazi ya ngoma imepewa gumba. Msikilizaji wa Mchinga ana faida hapa kuliko msomaji wa diwani, maana hakuzoea kuomba wimbo umweleze mambo kwa mfululizo kama barua ya serikali.

Ama kuhusu lugha, hakuna haja ya kukaa sana. Kiswahili cha Katanga huweka ba- mahali ambapo Kiunguja huweka wa-, hulegeza upatanisho wa ngeli, na huingiza maneno ya Kifaransa bila kuomba ruhusa. Tangu mwaka 1930 ilipoundwa Kamati ya Lugha, lugha ya namna hiyo imekuwa ikihesabiwa kuwa ni ya kusahihishwa. Wimbo haukuandikwa uwe mtihani. Ukiusahihisha mstari wa Mwenda uwe wa Kiunguja, silabi huongezeka, nafasi ya kidole huliwa, na ubeti huvunjika; jambo ambalo latosha kuonyesha kwamba ile lugha ilikuwa ndiyo mizani yake.

Sasa yaja swali la albamu, na hapa ndipo nyimbo hizi zilipodhulumiwa zaidi, japo na watu waliozipenda. Mwenda wa mwaka 1952 hakutunga albamu. Sahani ya santuri ya siku hizo ilichukua kadiri ya dakika tatu kila upande, basi mwimbaji alitunga wimbo wa dakika tatu, na nyimbo zilitoka mbili mbili, moja mgongoni mwa nyingine. Msikilizaji aliinuka, akageuza sahani, akazungusha mpini, akakaa tena. Miaka mingi baadaye watu wa London, Uholanzi na Marekani wamezikusanya nyimbo za zama hizo katika sahani kubwa na CD, kumi na tano au ishirini mahali pamoja. Na pasipo wao zingalipotea, kwa hiyo wanastahili shukrani. Hivyo ndivyo msikilizaji wa leo anavyozipata kazi za Mwenda, za ndugu yake Edouard Masengo, na za wapiga gitaa wengi wa Katanga ambao vinginevyo wangalibaki majina tu. Hivyo pia ndivyo zilivyorudi nyimbo za Fundi Konde wa pwani ya Kenya, ambazo kampuni ya RetroAfric ilizitoa tena mwaka 1994 zikiwa ni kazi zake za tangu 1947 mpaka 1956. Ingawa Konde, aliyependa kuzungukwa na wenziwe na hata kushika gitaa la umeme mapema, si gitaa kavu halisi.

Lakini mkusanyo wa namna hiyo una hatari yake. Nyimbo ishirini zilizopigwa aghalabu kwa mkao mmoja wa vidole, zikifuatana bila pumziko, humfanya msikilizaji aseme kwamba zote ni moja. Lawama hii husikika mara kwa mara, na si ya haki. Ni sawa na kumpa mtu mikate ishirini aile bila mchuzi kisha kumlaumu mwokaji. Dawa yake ni rahisi: zisikilizwe mbili mbili, kama zilivyozaliwa, kisha kukomwe. Katika kusikiliza kwa namna hii tofauti hujitokeza zenyewe. Hapa gumba linatangulia sauti, pale linaifuata. Huku mwimbaji anacheka, na huko maneno yaleyale ya kicheko yamewekewa nyuzi za huzuni. Mtu wa kijijini anayepokea nyimbo moja moja katika simu kutoka kwa rafiki zake yu karibu zaidi na desturi ya asili kuliko mwenye CD nzima, ingawa hakukusudia.

Watu hupenda kuwasifu waimbaji hawa kwa uhuru wao, na neno hili lataka kupimwa. Katika sahani zile za kwanza Mwenda hakuwa na bendi wala bwana wa bendi. Hakuna aliyemwambia akate ubeti huu au aongeze ule. Lakini sahani ilikuwa mali ya kampuni. Alipofika Nairobi, na Masengo pia, sauti zao zilitumika kutangaza bidhaa: Mwenda vidonge vya Aspro, Masengo Coca-Cola. Uhuru wao ulikuwa mle ndani ya zile dakika tatu, si nje yake. Mwaka 1969 Mwenda alikwenda Marekani akapiga katika tamasha la Newport. Akarudi, na bado ilimpasa kutafuta riziki kwa njia nyingine. Kumwita mtu kama huyo “mwimbaji huru” bila kusema ni huru kwa nani ni kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Tanganyika, na kisha Tanzania, ilifuata njia nyingine, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya pengo lile katika mkono wa mchuuzi. Baada ya uhuru bendi zilianza kuwa mali ya vyama na taasisi. NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na baada yake yakaja majeshi, polisi na mashirika. Magitaa yalikuwa ya taasisi, mishahara ilikuwa ya taasisi, na kurekodi kulifanyika katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, ambako maneno ya wimbo yalikaguliwa kwanza. Mpango huo ulizaa muziki mzuri sana, na ni upuuzi kuukana. Lakini haukuwa na kiti cha mtu mmoja aliyefika na galatoni yake kutoka Mchinga. Asiye na bendi hakuwa na barua ya kumpeleka studio, na bila studio hapakuwa na kaseti, na bila kaseti mchuuzi hakuwa na cha kuuza. Haina maana kwamba watu hao hawakuwapo. Katika Lindi ya miaka ya 1940 na 1950 kulikuwa na mashamba ya mkonge, askari waliorudi kutoka Burma, na vibarua wa mradi wa karanga wa Nachingwea waliotoka kila upande. Si rahisi kuamini kwamba watu wote hao walikuja bila gitaa hata moja. Walipiga, wakasikilizwa na majirani, na sauti ikaishia hapo.

Hali ilibadilika miaka ya 1990, redio za watu binafsi zilipoanza, Radio One ikiwa miongoni mwa za kwanza mwaka 1994, na studio ndogo zikazuka. Ajabu ni kwamba uhuru huo haukumpa nafasi mpiga gitaa kavu. Ulimpa nafasi mwenye kompyuta, kwa kuwa ngoma ya kompyuta ni rahisi kuliko kumlipa mpigaji. Wachache walioshika njia ya zamani hawana budi wahesabiwe mmoja mmoja. Vitali Maembe, aliyesoma sanaa Bagamoyo, ndiye aliye mbele yao kwa Tanzania. Nyimbo zake za kukemea rushwa, alizozizungusha kwa jina la Chanjo ya Rushwa, zina ushujaa usiotafuta mfadhili wa kuuficha nyuma yake. Yeye hupendeza zaidi anapotulia na kumwachia msikilizaji nafasi ya kufikiri. Pale anapoanza kuhutubia, gitaa hugeuka kuwa msindikizaji tu, na ile mizani ya mdomo na kidole hulemea upande wa mdomo. Hata hivyo ni vyema kulemewa na jambo la kweli kuliko kusawazika juu ya upuuzi.

Kwa Kenya, mfano ulio bora wa albamu iliyotungwa iwe albamu ni “En Mana Kuoyo” ya Ayub Ogada, iliyotoka mwaka 1993. Chombo chake ni nyatiti na lugha yake ni Kijaluo, lakini wa Mchinga hatapotea humo. Ogada, aliyekuwa akijipigia katika stesheni za treni za chini ya ardhi London kabla ya kualikwa studio, alijua kuachanisha nyimbo zake: baada ya wimbo wenye haraka huja ulio karibu na kunyamaza. Albamu yake yaweza kusikilizwa mfululizo bila kuchosha, jambo ambalo mkusanyo wa santuri hauwezi. Ukiweka kando yake albamu ya studio ambayo Mwenda aliirekodi Afrika Kusini mwaka 1988, na ambayo kampuni ya Rounder iliitoa Marekani mwaka 1994, tofauti ya watu wawili inaonekana. Mwenda alikuwa karibu kutimiza miaka 60, akiziimba upya baadhi ya nyimbo za ujana wake. Bado anatunga kwa dakika, kila wimbo ukijitosheleza kama kwamba utageuzwa upande wa pili. Mkono ni mzito kidogo kuliko ule wa mwaka 1952, na maneno yamekuwa na uzito wa mtu aliyeona mengi. Waonyaji katika nyimbo za ujana walikuwa wakiigiza uzee, na hapa hakuna kuigiza. Kwa sababu hiyo yafaa albamu hii isikilizwe baada ya zile za kwanza, wala si kabla yake. Mwenda alikufa kwa ajali ya gari Zambia mwaka 1990, hakuiona ikitoka.

Sauti alizozinasa Tracey zimehifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo sasa imo katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Na mitungi ya nta ya zama za Weule ilipelekwa Ujerumani. Kwa njia ya intaneti sehemu ya hazina hiyo imeanza kusikika hata katika kijiji chenye mnara wa simu. Kilichobaki ni kazi ya watu wa Kiswahili wenyewe. Mwaka 1957 Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilipiga chapa Utenzi wa Vita vya Maji Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, maneno yakapangwa ubeti kwa ubeti na kufasiriwa na W. H. Whiteley. Nyimbo za gitaa kavu za Kiswahili hazijapata kutengenezewa kitabu cha namna hiyo, nazo hazihitaji zaidi ya uangalifu uleule: maneno yaandikwe kama yalivyotamkwa, ba- ibaki ba-, majina ya watu na miji yaelezwe pembeni, na katika kila mstari iachwe nafasi nyeupe, kwa kipimo chake, palepale ambapo mdomo umenyamaza na kidole kinaendelea.